Mtungi wa Mchele wa Bibi Pi-hsia

Nimefanya kazi wodi ya walioungua miaka ishirini na sita, na muda wote huo nimeamini vitu viwili tu: maji safi na mkono usiotetemeka. Kwa hiyo Daktari Fang alipoingia wodini na lile boksi jeusi la kuvaa usoni, akatutangazia kwamba mgonjwa akilivaa ataona dunia nyingine na kusahau maumivu, nilimwambia mbele ya watu kwamba kama shida ni kuwafumba macho wagonjwa wangu, mashuka yapo. Hakucheka. Daktari akitoka semina huwa hacheki mpaka wiki ipite.

Lakini haki lazima isemwe. Tulikuwa tumekwama, na aliyetukwamisha ni Bibi Tu Pi-hsia wa kitanda namba nne.

Bibi Pi-hsia ana miaka sabini na mmoja, na arobaini na mitano kati ya hiyo ameimaliza katika soko la nyuma ya hekalu, hapa hapa Chiayi, mji wetu wa kusini mwa kisiwa, akifunga bachang. Majani mawili ya mwanzi, mchele wa kunata, nyama ya nguruwe, njugu, uzi unazungushwa mara mbili na kuvutwa kwa kidole cha mwisho, kisha unatumbukiza chunguni kuchemka. Wiki moja kabla ya sikukuu ya mashua, ambayo kila nyumba lazima ile bachang, wakati soko zima linanuka majani ya mwanzi na hakuna anayelala, chungu kilipinduka. Maji ya moto yakamchukua mkono wa kulia, kutoka ncha za vidole mpaka karibu na kiwiko.

Daktari Fang alimweleza wazi, na mimi nikayarudia ili asije akasema hakusikia. Ngozi mpya hujikunja inapopona. Vidole visipokunjwa kila siku, baada ya wiki mbili vitakakamaa wima kama meno ya reki, na hapo hata aje nani havikunjiki. Hakuna bachang, hakuna vijiti vya kulia chakula, hakuna kufunga kifungo cha blauzi. Bibi alisikia kila neno. Aliniuliza mara mbili kama kidole cha mwisho nacho kimo katika hesabu hiyo, nikamwambia kimo.

Sasa kusikia ni kitu kimoja na kuvumilia ni kingine. Kila asubuhi nilipaswa kufungua bandeji, kuosha, kuondoa ngozi iliyokufa, halafu kukunja kidole kimoja kimoja. Dawa kali ya maumivu ilimshusha presha siku ya pili mpaka tukakimbizana, kwa hiyo akawa anapewa nusu, na nusu haikutosha. Siku ya nne alipiga kelele hadi wazazi wa wodi ya uzazi ghorofa ya juu wakauliza huku chini nako kunazaliwa nini. Siku ya tano aliukalia mkono. Aliuweka chini ya makalio, akasema anayeutaka atauchukua akishakufa. Basi mimi Lai Chiung-fen, kwa mdomo wangu huu huu, nikamwendea Daktari Fang na kumuuliza boksi lake liko wapi.

Boksi lile linatoa jasho usoni, kwa hiyo nilitafuta kitambaa cha kumfunga kwenye paji na pembeni mwa macho. Kamati ya hekalu ilikuwa imetuletea makatoni ya taulo ndogo nyekundu kwa ajili ya sikukuu. Nikachukua moja, nikamfunga. Nikamvua viatu apate kupumzika, miguu ikagusa sakafu. Nikamvisha boksi. Ndani yake kuna sauti ya mwanamke, taratibu, inasema: pumua, unashuka ngazi, mbele yako kuna mlango, hii ni nyumba yako, ingia.

Ningefikiri dakika moja tu ningejua nimefanya nini. Sikufikiri.

Bibi alinyamaza. Nilifungua bandeji, kimya. Nikaosha, kimya. Nikakunja kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, naye anageuza kichwa polepole huku na huku kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Daktari Fang alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Dakika ishirini bila ukelele hata mmoja! Hata mimi nilitabasamu, na mimi kutabasamu asubuhi si jambo la kila siku. Kisha nikamvua boksi, nikamkuta analia machozi ya kimya kimya.

"Nesi," akaniambia, "mtungi wangu wa mchele hauna hata punje."

Kwetu hapa, hata asiyeamini anajua: kila mtu ana nyumba yake upande wa pili. Mti wa uani ndio uhai wako, jiko ndiyo familia yako, mtungi wa mchele ndiyo riziki iliyobaki. Mtu akitaka kuiona huenda kwa mganga wa hekalu, akavua viatu, akafungwa macho kwa kitambaa chekundu, akashuka ngazi huku mganga akimwimbia, na akifika huangalia mambo yake yamekaaje. Bibi Pi-hsia alikuwa amekwenda mara mbili maishani na mara zote mbili aliona giza tupu na kupata mafua. Sasa hospitali imemfikisha asubuhi moja, kwa bima ya afya.

Na alichokiona kilimmaliza. Mtungi mtupu, jiko limepoa, mti una majani ya upande mmoja tu. Akafanya mahesabu yake. Mtu ambaye riziki yake imekwisha, vidole vya nini? Aliomba apigiwe simu mwanawe alete ile nguo ya zambarau iliyoko chini ya kabati, aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kuzikwa nayo. Halafu akarudi kuukalia mkono.

Daktari Fang alijaribu kumwelimisha, na daktari akianza kuelimisha, kaa mbali. Akamwambia ni picha tu, imetengenezwa na kampuni kule Hsinchu. Bibi akamuuliza hao wa Hsinchu walijuaje kwamba jiko lake lina ufa upande wa kushoto. Daktari akaona amuonyeshe nyumba yenyewe kwenye skrini ya kompyuta, ili aone kuwa hakuna siri. Bibi akaitazama, akamtazama daktari, akasema kumbe wodi nzima mlikuwa mnachungulia umaskini wangu.

Kwenye kitanda namba tano kukatoka kicheko. Huyo alikuwa Bibi Yen Man, na mimi niliyewapanga hawa wawili jirani nastahili kuchapwa. Bibi Man ni mzaliwa wa kaskazini aliyeolewa huku, na anauza bachang za kaskazini, zile za kukaanga mchele kwanza ndipo ukaupika kwa mvuke. Vibanda vyao vinatazamana sokoni. Kwa miaka kumi na tisa hawajaamkiana. Pi-hsia husema za mwenzake ni wali wa kukaanga uliovalishwa majani. Man husema za mwenzake ni uji uliofungwa kamba. Siku tatu baada ya mmoja kuungua mkono, mwingine akaunguza mguu kwa mvuke, katika kukimbizana na wateja wa mpinzani wake aliyelazwa. Ndivyo walivyokutana kwangu.

Mimi niliingia ofisini nikaipigia simu kampuni ya Hsinchu. Nikapewa injinia mmoja, Bi Shao, mama wa makamo mwenye sauti ya usingizi. Nikamuuliza kwa nini mtungi hauna mchele. Akauliza mtungi gani. Nikamwambia wa jikoni, wenye kifuniko cha mbao. Nikasikia anabonyeza bonyeza. Akasema ni miezi minane, hospitali nne, hakuna mgonjwa aliyewahi kufunua kifuniko kile, kwa hiyo hawakuona haja ya kuweka kitu ndani. Kama tunataka mchele tujaze fomu ya maombi ya mabadiliko, itachukua wiki tatu.

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia baada ya wiki tatu mgonjwa wangu atakuwa na reki badala ya mkono, na kwamba mtu mzima aliyezaliwa kisiwa hiki hawezi kumjengea mtu nyumba yenye mti na jiko na mtungi, akaiacha bila mchele, akalala usingizi. Kisha Bi Shao akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mti... mti ulionekanaje?" Kumbe mama yake mzazi huenda kwa mganga kila mwaka mpya. Nikamwambia mti ni wa upande mmoja. Akasema nisimwambie bosi wake yeyote, ila nimpe mpaka kesho saa nane.

Wazo la mkono lilikuwa langu, na sitaki Daktari Fang aje aliandike kwenye jarida lake. Boksi lina kamera zinazoona vidole. Nikamwambia Bi Shao: usimjazie mtungi. Mpe gunia la mchele pembeni, na kila akikunja vidole, ateke konzi moja atie mwenyewe. Siku ya kwanza akikunja kidogo tu apewe mchele. Kila siku ongeza masharti, mpaka iwe ngumi kamili. Bi Shao akasema hiyo ni haki, maana hata kwa mganga mtu hupewa ruhusa ya kufagia na kuongeza kuni, hafanyiwi bure.

Bibi Pi-hsia nilimwambia uongo. Nilimwambia tumepeleka habari na ameruhusiwa kurekebisha nyumba yake. Aliniuliza ruhusa imetoka kwa nani. Nikasema kwa wakubwa wa Hsinchu. Akatoa mkono chini ya makalio.

Ningependa mngemwona. Mwanamke aliyekuwa anazimia ukimgusa kidole gumba, sasa anakunja mwenyewe, meno yameuma mdomo, jasho linachuruzika, anahesabu konzi kwa sauti kama yuko ghalani. Konzi ikimwagika njiani aliudhika na kurudia. Siku ya kwanza alipata tatu, siku ya nne kumi na nne. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikaanza kukutana. Viwili vya mwisho vilikataa katakata, vimesimama pembeni kama wageni wasiojuana. Daktari Fang alinivuta kando akanionya kwamba ikifika siku ya kumi na tano bila hivyo viwili, tusitarajie tena. Hiyo ilikuwa siku ya kumi.

Siku ya kumi na moja ndipo Bibi Man naye alipovaa boksi, kwa ajili ya mguu wake. Nilikuwa zamu ya mapokezi, muuguzi mwenzangu ndiye aliyemvisha. Niliporudi nilikuta moto.

Bibi Man alikuwa ametoka huko akiwa mchangamfu sana. Akasimulia wodi nzima kwamba amekuta nyumba nzuri, kuna mtungi umefika nusu, naye kwa kuwa mwenyeji hayupo akachota konzi mbili akatawanyia kuku. Kisha akafagia ua, akaelekeza taka nje ya lango. Mnajua maana ya kufagilia nje: unaifukuza riziki ya mwenye nyumba. Bibi Pi-hsia alisimama juu ya kitanda, kwa miguu yake miwili, mtu wa miaka sabini na mmoja.

"Huo mchele wa wizi," akamwambia, "hautakaa tumboni. Utakutoka kwa homa."

Bibi Man akamuuliza kwani nyumba ina jina lake. Wote wawili wakanigeukia mimi. Pi-hsia akadai nimfukuze mwizi nyumbani kwake. Man akadai nimwambie huyu mwehu ukweli. Nami nilikuwa nimechoka, na uongo ulishaanza kuniwasha moyoni. Nikamwambia bibi kwamba ile ni picha, ni moja tu, kila mgonjwa anayevaa boksi anaingia humo humo.

"Kwa hiyo wote tunakula mtungi mmoja," akasema. Akalala, akageukia ukutani, na mkono akaulalia.

Siku ya kumi na mbili hakukunja hata kidole. Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Niliona aibu, nasema kweli. Kwanza nilimdanganya, halafu nikamnyang'anya hata huo uongo, na vidole viwili vilikuwa vinazidi kukauka mbele ya macho yangu.

Alasiri ile ile Bibi Man akaanza kutetemeka. Joto likapanda, kidonda cha mguu kilikuwa kimeingia vijidudu, presha ikaporomoka. Tukamsukuma mbio kumpeleka chumba cha mahututi, shuka linaburuzika. Bibi Pi-hsia alikuwa ameketi. Alikiangalia kitanda namba tano kilichobaki na slipa chini yake. Chakula cha jioni hakukigusa.

Asubuhi yake alikuwa ameshajitandikia. Mkono ulikuwa juu ya mto, bandeji ameshaanza kuifungua mwenyewe kwa meno. Akaniuliza Man anaendeleaje. Nikasema hajazinduka. Akaniuliza ile homa ilianza saa ngapi, nikamjibu, naye akahesabu kwa kichwa tangu aliposema maneno yale mpaka homa ilipoanza. Niliona lilikofikia wazo lake. Nikamwambia homa imeletwa na vijidudu, haikuletwa na mdomo wa mtu. Nikamrudia tena kwamba nyumba ile ni picha.

"Nilikusikia juzi, si kiziwi," akasema. "Funga kitambaa."

Bi Shao kule Hsinchu alikuwa hana habari ya mambo yetu. Masharti yake yalikuwa yanaendelea kupanda kila siku kama tulivyopatana. Siku ya kumi na tatu ilikuwa ni ngumi kamili, vidole vyote vitano, au hupati punje. Mimi nilikuwa naona kwenye skrini. Bibi aliinama kwenye gunia, akakunja vitatu, akainua. Mkono mtupu. Akarudia. Mtupu. Mara ya sita alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mgonjwa, ya chini, ya mtu anayesukuma jiwe, na kile kidole cha nne kikalala. Cha mwisho kikafuata, kikitetemeka. Akainua konzi ya mchele, akaipeleka mtungini, akaimwaga. Akasema, "Hii ya Man."

Akaendelea. Kila moja alisema ya Man. Kwenye kifundo ngozi ilipasuka kidogo, nikamwambia inatosha kwa leo. Akakunja tena. Kwenye ya ishirini nilimwambia mtungi umejaa, nikamwomba aache.

"Usinidanganye, nesi. Mimi ndiye niliyemo humu, naona bado upana wa vidole vinne ufike ukingoni."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikawa namfuta damu kwa pamba kila akifungua ngumi, na yeye anakunja, na mimi nafuta. Daktari Fang alipita na kundi lake la wanafunzi, akafungua mdomo aelimishe. Nilimtazama mara moja tu, akaufunga. Konzi ya arobaini na moja ilimwagikia sakafuni, kwa sababu mtungi ulikuwa umefika ukingoni. Bibi akafunika kifuniko, akasema nimvue.

Siku tatu mfululizo alishuka kule kukagua kama kuna mtu amechota. Kila mara alifungua na kufunga kifuniko kwa mkono ule ule, na kutia konzi chache za kusawazisha. Mimi sikusema tena habari za picha. Siku ya kumi na nane wakaturudishia Bibi Man, mweupe, amekonda, sauti imebaki nusu, lakini mguu wake anao na macho yanazunguka kutafuta wa kumsema.

Uji wake wa mchana ulifika nikiwa na mikono yote miwili ndani ya kidonda cha kitanda namba saba. Mwenyewe hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa, na ndugu zake walikuwa bado njiani. Nikasikia kitanda namba nne kinalia. Bibi Pi-hsia aliburuta kiti, akaketi kando yake, akachukua kijiko kwa mkono wa kulia. Kiliteleza kikaanguka kwenye bakuli. Akakichukua tena, akafunga vidole kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho kabisa, akachota, akapuliza, akampelekea mdomoni. Mkono ulitetemeka lakini uji haukumwagika. Man alimwangalia, akauangalia mkono ule mwekundu, akafungua mdomo, akala.

"Uji huu umechemshwa mpaka umekuwa gundi," akanong'ona. "Kama bachang zako."

"Meza," Bibi Pi-hsia akamwambia, akachota kijiko kingine.